Kibao Kilichoishiwa Nafasi

Ninyi vijana wa karakana mliniaga kwa kuku wawili na saa ya ukutani. Kuku tumekwisha kuwala. Saa inasimama kila ifikapo saa sita na robo, lakini nawashukuru, maana imeficha ufa ambao kwa miaka mingi nilikuwa naona uvivu kuuziba. Siku ile mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu: "Papa Balagizi, nyumba yenye ilikusumbua kupita zote ni gani?" Nilicheka, nikasema nitajibu kwa maandishi, kwa sababu mdomo wangu ukianza haujui kusimama. Haya basi, nimekaa barzani kwangu na kalamu ninayo. Vyeo sitavitaja, na mshahara wa fundi rangi mnaujua wenyewe.

Nilifika Bukavu nikitoka Bunyakiri, wakati nchi ilipobadilishwa jina ikaitwa Zaïre. Ilikuwa bahati yangu. Watu tulibadilisha majina, barabara zikabadilisha, maduka yakabadilisha, na kila jina jipya lilitaka kibao kipya. Wako waliolia na wako waliopiga makofi. Mafundi rangi tulikula. Nilijifunza herufi kwa kufuta majina ya zamani na kuandika mapya juu yake, na baada ya mwaka mmoja nilikuwa na mkono mzuri, tena nilijua kwamba ninao. Hilo la pili ndilo lililoniponza, kama mtakavyoona.

Aliyenichukua kazini ni Mzee Birindwa, mtu mfupi mwenye kofia ya kahawia ambayo sikuwahi kuiona ikivuliwa, hata kanisani. Alikuwa fundi na komisionere kwa wakati mmoja, yaani alitengeneza nyumba zilizochoka kisha akazitafutia mnunuzi. Siku ya kwanza alinipa pinso, ndivyo tunavyoita brashi ya rangi, akaniambia niioshe. Pinso ilikuwa na rangi ya mafuta. Mimi nikashuka mpaka ziwani, nikaisugua kwa maji na mchanga kwa bidii yangu yote, nikairudisha ikiwa ngumu kama kwato la mbuzi.

Mzee aliigeuza mkononi, akainusa.

"Hii pinso iko na dix ans, miaka kumi," alisema. "Weye umeiua mu dakika kumi."

Nikafikiri nimefukuzwa. Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

"Unaenda wapi? Kesho ukuye tena. Kuna ingine."

Huyo ndiye mzee aliyenifundisha kazi. Hakuwahi kunipigia kelele, ila alikuwa akikumbuka. Miaka mitano baadaye bado alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu ni Balagizi, anajua kuosha pinso."

Alinifundisha kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mgeni mwenye adabu anavyopiga hodi. Ukuta mzima hujibu kwa sauti fupi. Ukuta uliolowa hunyamaza. Ukuta uliotengana na plasta yake husikika kama mtungi mtupu, na hapo usipake kitu, ubomoe kwanza. Alinifundisha kuloweka chokaa siku tatu ndani ya pipa, kutia chumvi ili ishike, na kupaka mara tatu, mkono wa kwanza ukiwa mwepesi kama chai. Ninyi leo mnafungua kopo na kupaka, halafu mnashangaa rangi inabambuka kabla mwenye nyumba hajamaliza kuwashukuru. Nyumba za kando ya ziwa zinapumua unyevu usiku na mchana. Huwezi kuziharakisha. Na zaidi ya yote alinifundisha kusogeza kabati. "Ukuta ya mbele inakupokea," alikuwa akisema, "lakini ile ya nyuma ya armoire njo inakuambia ukweli."

Katika mwaka wangu wa nne, Maman Nsimire aliingia karakanani kwa fimbo. Wazee wa Bukavu wanamkumbuka. Alikuwa mkunga aliyestaafu, mjane, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na nusu ya watu wa mtaa wa Nguba walipita mikononi mwake wakiwa uchi. Ndiyo maana hakumwogopa mtu yeyote. Hata wakubwa waliovaa abakosi, suti ya utawala ule, aliwaita kwa majina ya utotoni.

"Papa Birindwa," alisema kabla hajakaa, "nataka kuuzisha nyumba yangu. Miye naenda Luberizi ku dada yangu. Jicho yake moya ilishafunga. Ile ingine anaona sawa mutu mwenye kuchungulia mu moustiquaire ya kitanda. Nataka anione mbele ifunge."

Mzee alimwuliza kwa nini asiende kumtembelea tu kisha arudi.

"Na hii goti? Hii goti itashuka mulima ya Ngomo mara moya tu, haitapanda tena. Alafu nyumba nikiiacha tupu, kesho kutwa mutu anakuya na karatasi ya tampon, anasema ni ya kwake."

Hakuna aliyebisha. Miaka ile karatasi yenye mhuri ilifungua milango kuliko ufunguo.

Dada huyo aliitwa Cibalonza. Aliolewa bondeni, akalima mpunga, na sasa alikuwa peke yake. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na minane: mmoja alikuwa na wajawazito ambao hawangesubiri, mwingine alikuwa na mpunga ambao haungesubiri, na kila mwaka walituma salamu kwa madereva wa malori wakisema mwaka ujao. Maman Nsimire alitueleza hayo bila kulia, lakini fimbo yake ilikuwa inachora chora sakafuni. Alisema, "Akishafunga jicho, atanijua kwa sauti. Lakini sauti yangu si uso yangu."

Tukaenda kuiona nyumba. Marehemu mume wake, fundi wa matofali, aliijenga mwenyewe Nguba, mahali ambapo ardhi inateremka polepole mpaka majini. Vyumba vinne, barza pana upande wa ziwa, miparachichi miwili, na upepo ambao ukikaa hapo saa kumi jioni na kikombe cha chai unasahau hata jina la bosi wako. Nilipenda nyumba ile tangu siku ya kwanza. Lakini wanunuzi watatu walikuwa wamekuja na kuondoka, wote wakisema neno lilelile: ni ndogo, tena ina giza.

Walisema kweli, kwa macho yao. Kila mama aliyejifungua salama alikuwa amemletea Maman zawadi, naye hakuwahi kutupa hata moja. Sebuleni kulikuwa na viti ishirini na viwili. Kulikuwa na vikapu, mitungi, maua ya plastiki, makabati matatu yaliyoziba madirisha mawili, na picha za watoto za kutosha kufungulia shule. Kufika dirishani ulihitaji kupita ubavu ubavu. Tuliposogeza kabati la kwanza, ukuta wa nyuma ulikuwa na ukungu wa kijani kama lengalenga, mchicha wetu. Mzee Birindwa aliugonga, akausikiliza, akasema, "Majuma mbili." Yakawa matano.

Tulikwangua, tukakausha kwa makaa, tukapaka chokaa upande wa ziwa na rangi ya maziwa ndani. Tulinyoosha mabati, tukatia mafuta bawaba za madirisha zilizolia kama paka. Maman alikuwa akitufuata na fimbo akitoa maoni, na kila tulipopeleka kiti nje alikirudisha kwa mlango mwingine. "Hiki ni cha mapacha ya Faida," angesema, au, "Hiki nilipewa na mwenye kujifungua mu mvua." Wakati huo huo dereva mmoja alileta salamu kutoka bondeni: Cibalonza alikuwa amemwaga chumvi akidhani ni unga. Tangu hapo Maman hakurudisha kiti tena.

Sasa tunafika kwenye kibao. Mzee alikuwa na nadharia kwamba mtu hanunui matofali. "Batu ya biro, ya maofisini, banachoka," aliniambia. "Banataka mahali pa kupumuzika. Njo uandike vile. Uandike pia jina ya Maman, kila mutu anamujua. Alafu: nyumba inauzwa." Akaenda Muhumba kwa kazi nyingine, akaniacha peke yangu.

Nilichukua ubao, nikaupaka nyeupe safi. Kisha nikaandika kwa rangi nyeusi, kwa herufi kubwa zenye vivuli, kama za maduka makubwa. Pembeni nikachora ua moja huku na ua moja huku. Lilipofika neno la mwisho, ubao ulikuwa umekwisha. Ninyi mnaoandika vibao mnajua: herufi hupimwa kwa kalamu kabla ya kuchovya pinso. Mimi pia nilijua. Lakini nilikuwa na mkono mzuri. Basi nikaona si neno, nitaandika "nyumba inauzwa" kwenye ubao wa pili niutundike chini. Nikakipigilia kibao kwenye mti wake, nikakisimamisha langoni kikauke, na kilisomeka hivi:

MAMAN NSIMIRE
MAHALI PA KUPUMUZIKA

Mimi nilisoma nyumba nzuri yenye upepo. Nawaapia, hakuna kingine nilichosoma.

Asubuhi ile nilikuwa nimepaka sakafu nta nyekundu, kwa hiyo viti vyote ishirini na viwili vilikuwa uani, nimevipanga mistari miwili vipate jua. Makabati yalikuwa nje. Sebule ilikuwa tupu kabisa. Nilikuwa pia nimepogoa ua wa miti na kuweka matawi kando ya barabara, yakisubiri mkokoteni. Ninyi ni watu wa hapa, hamhitaji kuelezwa nyumba yenye matawi barabarani, viti nje na sebule tupu ni nyumba ya nini. Maman mwenyewe alikuwa amekwenda soko la Kadutu. Mimi nilipanda ngazi upande wa ziwa, nikaanza kupaka mbao za paa huku nikipiga mluzi.

Sijui nilipaka muda gani. Nilisikia mwanamke mmoja akipiga ukelele barabarani, "Yoo, Mama wee!" Kisha wa pili. Kisha lango likafunguka na kilio kikaingia uani kama mvua inavyoingia kutoka Bagira, nyepesi kwanza, halafu yote kwa pamoja. Nikateremka mbio, pinso mkononi. Wanawake walikuwa wamekaa chini wamejifunga vitenge kiunoni, wanaume wamekaa kwenye viti vyangu wakiinamisha vichwa, na wengine walikuwa bado wanaingia na makaa, sukari na majani ya chai.

"Kuna nini?" nilimwuliza jirani, Maman Furaha, mwanamke ambaye kilio chochote cha Nguba kisingeanza bila yeye.

"Maman Nsimire ametuacha!"

Nikakumbuka Maman alitoka asubuhi ile akichechemea, tena njia ya Kadutu ni mlima. Akilini nilimwona amelala sokoni, na dada yake bondeni anasubiri uso ambao hautafika. Nikaketi chini na pinso yangu, nikalia kwa sauti. Ndiyo, mimi niliyeandika kibao. Nililia kuliko watu wengi, na baadaye walinisifu kwa hilo.

Tulikuwa tumefika mbali. Mwimbishaji wa kanisa alikwisha anzisha wimbo, chungu kilikwisha wekwa motoni, na Maman Furaha alikuwa amesimama akitoa ushuhuda, wakati Maman Nsimire alipoingia langoni na kikapu cha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kwa sababu watu walikuwa wametazama upande wa ziwa, hakuna aliyemwona. Alisimama nyuma, akamgusa mwanamke wa mwisho begani.

"Ni nani alikufa?"

"Ni Maman Nsimire, mukunga," mwanamke yule alijibu bila kugeuka.

"Nsimire gani?"

"Ule mwenye hii nyumba."

Maman aliweka kikapu chini. "Basi alikufa bila kuniambia," alisema.

Sauti ile kila mtu aliijua. Wengine walikimbia, mwanaume mmoja aliruka ua nilioupogoa, na mwimbishaji alimeza wimbo katikati. Maman Furaha alibaki amesimama mdomo wazi, mkono hewani. Maman Nsimire alivuta kiti cha mapacha, akakiweka katikati ya uwanja, akakaa, akanyoosha goti lake.

"Endelea, Furaha. Ulikuwa unasema nilikuwa muzuri namna gani?"

"Maman... nilikuwa nasema... haukukuwa na hasira."

"Hapo unadanganya. Endelea na ingine."

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia tena katika uwanja wowote. Watu walivunjika mbavu, wakalia upya kwa kucheka. Halafu walitafuta mwenye kosa, na macho yakafika kwenye pinso yangu. Nikasoma kibao kwa mara ya kwanza kwa macho ya mpita njia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: hata yale maua mawili sasa yalikuwa maua ya kaburi, na matawi yangu barabarani alama ya msiba. Mzee Birindwa naye alifika mbio kutoka Muhumba, kofia kichwani, jasho likimtiririka, kwa sababu habari ilikuwa imevuka mji kabla yake. Alimwona Maman mzima, akakaa juu ya jiwe mpaka pumzi ikarudi. Kisha akakitazama kibao kwa muda mrefu.

"Herufi ziko droit, zimenyooka," alisema.

Chakula kilikwisha kuiva, kwa hiyo hakuna aliyeondoka. Na kwa sababu uwanja ulikuwa umejaa, watu waliingia sebuleni. Hapo ndipo nilipojifunza jambo kubwa la kazi yangu yote, na sikulijifunza kwa akili bali kwa aibu. Katika sebule ile tupu, madirisha yote wazi, mwanga ulitoka ziwani ukatembea juu ya sakafu nyekundu mpaka ukutani. Faida, yule mama wa mapacha, alisimama katikati akizunguka kama aliyeingia kanisa jipya. Mume wake, Mugisho, msimamizi wa ghala la chai, alikuwa mlangoni na pakiti yake ya rambirambi bado kwapani.

"Papa Mugisho," Faida alisema, "hapa njo batoto batakimbia."

"Tulikuya ku kilio, Faida."

"Kilio iliisha. Angalia ile barza."

Nilimwona Mzee Birindwa akiirekebisha kofia yake. Alijua kabla yetu kwamba mnunuzi amepatikana. Tangu siku ile sijaonyesha nyumba yoyote kabla sijatoa kila kitu sebuleni, hata kalenda. Mnunuzi anatafuta mahali ambapo yeye ataweka kiti chake. Ukimwonyesha vya mwingine, hana pa kukaa.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Kesho yake tulikwenda na Mugisho kumwona Maman, na Maman akasema haiuzi nyumba.

Alikuwa amekaa barzani, amechoka, macho mekundu. "Munataka niende wapi?" alituuliza. "Jana niliona batu yangu bote. Ata bale nilifikiri banisahau. Mutu mwenye kuliliwa vile, anaacha mahali yake juu ya nini?"

Mzee Birindwa hakumsukuma. Alisema ni haki yake, akanywa chai, tukaondoka. Njiani nilikuwa na hasira naye. Nikamwambia, dada yake je? Akanijibu, "Nyumba si pinso, Balagizi. Hauiue mu dakika kumi." Siku tatu zilipita. Nilizitumia kuupogoa upya ua, kazi ambayo haikuwepo, ili niwe karibu. Nilijiona mwizi. Kama nisingekuwa na haraka ya kuonyesha mkono wangu, Maman angeuza kimya kimya na kwenda. Sasa kwa kosa langu la herufi alikuwa amepewa sababu ya kubaki, na bondeni jicho moja lilikuwa linaendelea kufunga.

Siku ya nne dereva wa lori la mpunga alisimama langoni, akashuka na kofia mkononi. Habari ya kilio ilikuwa imeshuka Ngomo pamoja na malori ya asubuhi ile ya kwanza, lakini ile ya ufufuo ilichelewa siku mbili. Kwa siku mbili nzima Cibalonza alikuwa amemlilia mdogo wake.

"Analia mingi, Maman," dereva alisema. "Sasa banamwambia uko muzima, anakataa. Anasema banamudanganya juu ni kipofu. Anasema: asikuye kuniambia mutu, nitaamini nikimuona."

Maman Nsimire aliinuka bila fimbo, akashika nguzo ya barza. Kisha akaniita, akaniambia, "Balagizi, enda uite Mugisho. Sasa hivi. Akuye na bibi yake, juu yeye njo anajua kuamua."

Waliafikiana juma lile lile. Zile zawadi aligawa mwenyewe: kila kiti kilirudi kwa mtoto aliyezaliwa siku kilipoletwa, na wengine walikuja kuvichukua wakiwa na ndevu. Alibaki na sanduku moja na godoro. Jioni kabla ya safari alinipeleka chumbani, ambako alikuwa ametandaza vitenge vyake vyote juu ya kitanda.

"Weye ni fundi ya rangi," alisema. "Niambie. Rangi gani inaonekana ku jicho yenye kufa?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo kazini. Nilivipeleka vitenge mlangoni kimoja kimoja, nikarudi nyuma hatua ishirini, nikafumba jicho moja na kulifinya la pili, kama tunavyofanya tukitaka kujua kibao kitasomeka kutoka barabarani. Kijani kilipotea kwenye majani. Chekundu kiligeuka cheusi. Kilichobaki ni kimoja, cha njano kali chenye mistari ya buluu nzito, ambacho Maman mwenyewe alikiita kitenge cha sarakasi na hakuwahi kukivaa. Nilimwambia hicho. Alikitazama bila upendo wowote, akakikunja juu ya sanduku.

Mzee Birindwa alinipa ruhusa nimsindikize. Tulikaa mbele pamoja na dereva, goti lake likiwa juu ya mto, na Ngomo tulishuka polepole hivi kwamba niliweza kuhesabu mawe. Chini joto lilitupokea, na uwanda wa Ruzizi ukafunguka na mashamba yake ya mpunga. Tulipokaribia, Maman aliniuliza, "Na kama imefunga jana?" Nilishika mkono wake, jambo ambalo fundi hafanyi kwa mteja.

Luberizi tulifika saa tisa alasiri, jua likiwa bado kali. Nyumba ilikuwa ya udongo, na mbele yake bibi mwembamba alikuwa ameketi juu ya mkeka, anachambua mpunga kwa vidole, uso ameuinua kidogo kama wanavyofanya wasioona. Maman alishuka. Nikataka kuita hodi, akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Hakutaka kusikika. Alitembea peke yake, akavuka uwanja, akasimama hatua tano mbele ya mkeka, ndani ya kitenge kile, kimya, mikono imeshuka.

Vidole vya bibi vilisimama. Kichwa kiligeuka upande mmoja, kisha upande wa pili, kikitafuta pembe. Akapanguza jicho lake la kushoto kwa mkono wa gauni, akaangalia tena.

"Nsimire," alisema, "nani alikuvalisha hii manjano? Haikufae hata kidogo."

Katika miaka yangu yote ya kazi, ni mara hiyo moja tu nilisikia rangi niliyochagua ikitukanwa, nikapiga magoti vumbini nikamshukuru Mungu.